Ushuhudiaji hupangwa kabla ya kwenda uwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu jambo ambalo hujadiliwa zaidi vyuoni, ingawa matunda yake, mazuri na mabovu, huwafikia wasomaji wako kupitia habari zinazoanza kwa maneno "utafiti umebaini". Nazungumzia zile tafiti za saikolojia ambamo mtafiti hamweki mtu katika jaribio wala hamwulizi maswali, bali humtazama anavyoishi na kuandika anachokiona. Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili huiita mbinu hii ushuhudiaji, nami nitaiita hivyo hivyo.

Nafundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa saikolojia na ualimu, na kazi hiyo hunilazimu kusoma tasnifu nyingi. Karibu zote zina sentensi moja katika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, isemayo kwamba data zilikusanywa kwa hojaji, usaili na ushuhudiaji. Hojaji imeambatishwa mwishoni, maswali ya usaili nayo yameambatishwa, lakini ushuhudiaji hauna hata karatasi moja ya kuuthibitisha. Ukimuuliza mwandishi alimtazama nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na ni tendo gani hasa lililomfanya atie alama kwenye daftari, hujibu kwamba alikaa nyuma ya darasa akaona hali ilivyo. Kuona hali ilivyo ni jambo ambalo hata mzazi aliyekuja shuleni kulipa mchango wa uji hulifanya. Kinachomtenga mtafiti na mzazi huyo ni mpango uliowekwa kabla ya siku ya kwanza uwandani, na hoja yangu ni kwamba pale ambapo mpango huo haukuandikwa, haukukaguliwa na haukuambatishwa, neno ushuhudiaji lisiruhusiwe kuonekana katika sura ya tatu.

Hali hii inasikitisha zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni za kazi hii zilipatikana katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Jeanne Altmann na mumewe Stuart walifika Amboseli, kusini mwa Kenya, kuchunguza nyani, na mwaka 1974 Jeanne Altmann akachapisha katika jarida la Behaviour makala kuhusu namna ya kuamua nani atazamwe, lini na kwa utaratibu gani. Makala ilihusu wanyama, lakini wanasaikolojia wanaochunguza watoto, madarasa na wodi za hospitali wameifuata tangu wakati huo, kwa kuwa tatizo ni lile lile: matendo ni mengi kuliko macho. Alizijadili njia saba, na ile aliyoanza nayo, ambayo alionya kwamba haifai kwa kulinganisha viwango vya tabia, ndiyo hasa wanayoitumia wanafunzi wetu, yaani kuandika chochote kinachovuta macho. Katika kundi la nyani, dume kubwa linalofukuza wenzake huonekana na kila mtu, ilhali jike lililoketi pembeni likimchambua mwenzake manyoya laweza kupitiwa na saa nzima bila kuandikwa. Darasani mambo ni hayo hayo. Mtazamaji asiye na mpango hurudi na daftari lililojaa mtundu wa dawati la nyuma na mwalimu anayepaza sauti, kisha huandika kwamba darasa zima lina fujo, na wale watoto thelathini waliokuwa wakinakili ubaoni kimya kimya hawamo katika utafiti.

Dawa ya kosa hilo haihitaji fedha. Mtafiti aweza kupiga kura kabla ya kuingia, akampata mtoto mmoja, akamfuata huyo peke yake kwa muda uliopangwa hata kama hafanyi lolote (na mara nyingi hafanyi lolote, jambo ambalo nalo ni data), kisha akamhamia wa pili katika orodha. Aweza pia, kila baada ya dakika chache, kupitisha macho kwa watoto wote kwa mfuatano maalumu na kuandika kila mmoja yuko katika hali gani wakati macho yanapomfikia. Njia ya kwanza hujibu maswali ya muda na mfuatano, kwa mfano mtoto huchukua muda gani kuomba msaada baada ya kukwama. Ya pili hujibu maswali ya wingi, kwa mfano ni sehemu gani ya darasa inayoshughulika na somo. Kwa tendo lisilotokea mara kwa mara, kama vile kupigana, huenda ikafaa zaidi kuutazama uwanja mzima na kuandika kila tukio la aina hiyo, mradi uwanja uwe mdogo kiasi cha kuonekana wote. Swali la utafiti ndilo linaloamua njia, na mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa nini alichagua hii akaiacha ile bado hajafikia hatua ya kwenda uwandani.

Tuchukue swali ambalo wanafunzi wangu hulipenda: je, wavulana na wasichana wa darasa la tatu hugombana kwa kiwango tofauti wakati wa mapumziko? Kabla ya yote, ugomvi wenyewe lazima upewe mipaka. Mtoto akimsukuma mwenzake huku wote wawili wanacheka, tutie alama au tusitie? Akimnyang'anya mwenzake kamba ya kurukia na mwenye kamba akanyamaza? Akimzomea kwa jina la utani ambalo mwenyewe amekwisha kulizoea? Mwongozo wa ushuhudiaji lazima ujibu maswali haya kwa kutaja matendo yanayoonekana, wala usitaje nia iliyofichika moyoni. "Kumsukuma mwenzake kwa mikono mpaka apige hatua au aanguke, bila yeyote kati yao kucheka" ni maelezo ambayo watu wawili waweza kuyatumia wakapata jibu moja. "Kuonyesha chuki" si maelezo ya namna hiyo. Mildred Parten, aliyechapisha mwaka 1932 uchunguzi wake wa michezo ya watoto wadogo huko Minnesota, aliwatenga watoto wanaocheza peke yao, wanaowatazama wenzao, wanaocheza kando ya mwenzao bila kushirikiana naye na wanaoshirikiana kwa lengo moja, pamoja na makundi mengine machache. Makundi hayo yangali yanatumika hadi leo, na nadhani sababu ni kwamba kila moja laweza kutambuliwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya chumba bila kumuuliza mtoto chochote.

Lipo kosa jingine ambalo wengi wetu tulifundishwa kama kanuni. Mtafiti hugawa dakika 10 katika vipindi vya sekunde 15, na katika kila kipindi hutia alama ikiwa tendo limetokea walau mara moja. Kazi inakuwa nyepesi, karatasi inapendeza, lakini hesabu inadanganya. Mtoto anayelia sekunde 2 tu katika kipindi kimoja kati ya kila viwili atapata alama 20 katika vipindi 40, na ripoti itasema alilia nusu ya muda, wakati kwa saa halisi alilia sekunde 40 kati ya 600, yaani chini ya asilimia 7. Altmann aliikosoa njia hii kwa nguvu tangu mwaka ule wa 1974, kwa kuwa idadi inayopatikana haipimi mara ngapi tendo lilitokea wala lilichukua muda gani. Siku hizi simu ya kawaida ina saa ya kusimamisha na kuanzisha, kwa hiyo udhuru wa kukosa vifaa umekwisha.

Suala la lini kutazama lina uzito sawa na la nani wa kutazamwa. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 na kufanya kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Alizitembelea familia 26 za Waganda zenye watoto ambao hawajaachishwa kunyonya, kila baada ya wiki 2, kwa saa zipatazo 2 kila mara, kwa muda uliofikia hadi miezi 9, akiwa na mkalimani. Kutokana na kazi hiyo, iliyotoka kama kitabu mwaka 1967, aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa ngome yake, akatoka hapo kwenda kuchungulia vitu na kumrudia anapoingiwa na hofu, na leo hakuna kozi ya malezi isiyolitaja jambo hilo. Hata hivyo, msomaji makini huona kwamba ziara zile zilifanyika sebuleni, alasiri, saa ambazo kwa desturi mwanamke wa Kiganda hupokea wageni. Tunachokijua kutokana nazo ni jinsi mama alivyokuwa na mtoto wake wakati wa kukaa na mgeni, na ya asubuhi shambani au ya jioni jikoni yangehitaji ziara za saa nyingine. Sisemi hivyo kumshusha, kwani alipohamia Baltimore, Marekani, akachagua tena familia 26, alirefusha kila ziara hadi saa 4 ili mama aizoee hali na aendelee na shughuli zake za kila siku. Alifanya ziara 18 kwa kila familia, zilizofikia jumla ya saa 72 hivi. Mlinganishe mtu huyo na mwanafunzi anayekaa darasani kwa vipindi viwili vya Jumatatu asubuhi, kisha akaandika katika ukurasa wa jalada "tabia za wanafunzi wa shule za msingi" na kutaja wilaya nzima.

Nitakaa kidogo zaidi kwenye pingamizi ambalo kila mtu hulitoa, kwamba anayejua anatazamwa hubadilika. Pingamizi hili huletwa kwa jina la Hawthorne, kiwanda kilichokuwa karibu na Chicago ambako majaribio ya uzalishaji yalifanyika kati ya 1924 na 1932, na vitabu vingi vimesimulia kwamba wafanyakazi waliongeza bidii kwa sababu tu ya kuangaliwa. Steven Levitt na John List walizichambua upya data za majaribio ya mwanga wa taa ya kiwanda kile, na katika makala yao ya mwaka 2011 walionyesha kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu kuliko hadithi iliyojengwa juu yake. Mfano bora tunao karibu zaidi. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichunguza huduma za wagonjwa wa nje katika mkoa wa Arusha, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Badala ya kutegemea macho ya mtafiti aliyekaa ndani ya chumba cha daktari peke yake, waliwauliza wagonjwa walipokuwa wakitoka mambo ambayo daktari aliwafanyia, na waliwauliza maswali hayo hayo wagonjwa waliohudumiwa kabla ya mtafiti kuingia chumbani pia. Kwa njia hiyo walikuwa na kipimo kimoja kinachovuka mpaka wa kuwapo na kutokuwapo kwa mtazamaji. Ubora wa huduma ulipanda mara mtafiti alipoingia, kisha ukaanza kushuka polepole, na kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15 ulikuwa umerudi ulipokuwa mwanzo.

Ukiusoma mpango huo kwa utulivu utaona kwamba umetatua mambo mawili ambayo wanafunzi wetu huyataja katika aya ya "changamoto za utafiti" na kuyaacha hapo. Umeonyesha kwamba mabadiliko yanayoletwa na mtazamaji yaweza kupimwa, mradi mtafiti awe ametafuta mapema chanzo cha pili cha taarifa kisichohitaji yeye awepo. Umeonyesha pia kwamba mabadiliko hayo huchakaa, na kwa hiyo mwenye mpango huamua kabla ya kwenda ni vipindi vingapi vya mwanzo atavifanya kwa ajili ya kuzoeleka tu, bila kuviingiza katika uchambuzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mtafiti wa tabia, data za kuaminika huanza siku ya jembe. Anayekwenda siku moja na kurudi amepima adabu ambayo wenyeji humwonyesha mgeni. Huenda hiyo nayo ikawa mada nzuri ya tasnifu, lakini basi aiite hivyo.

Upande wa pili wa jambo hili ni mtazamaji mwenyewe. Mwaka 1904 mjini Berlin tume nzima ya wataalamu ilimkagua farasi wa Wilhelm von Osten, aliyesemekana kujua hesabu kwa kugonga kwato, na haikuona ulaghai wowote. Oskar Pfungst, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1907, aligundua kwamba farasi alipata jibu pale tu muulizaji alipolijua na farasi alipoweza kumwona, kwa kuwa mwili wa muulizaji ulijilegeza kidogo mno kwato zilipofikia idadi sahihi. Hakuna aliyekuwa akidanganya, ila kila mtu alikuwa akitarajia. Ndiyo maana mtu anayetia alama za ugomvi uwanjani asiwe yule aliyeandika dhana kwamba wavulana hugombana zaidi, na ikiwezekana asiijue kabisa. Katika vyuo vyetu mtafiti ni mmoja, fedha ni zake mwenyewe, na msaidizi hapatikani kirahisi. Naelewa. Lakini wanafunzi wawili wa darasa moja waweza kubadilishana, kila mmoja akawa mtazamaji wa mwenzake kwa siku chache bila kuambiwa dhana ya utafiti, na gharama ikawa nauli ya daladala tu.

Watazamaji wakiwa wawili, lazima tujue wanakubaliana kiasi gani, na hapa pana mtego wa hesabu ambao umewaponza wengi, wakiwamo wasimamizi wa tasnifu. Tuseme wawili hao wametazama vipindi 100 vya uwanjani, kila mmoja ametia alama ya ugomvi katika vipindi 10, na vipindi 4 tu ndivyo walivyotia alama wote wawili. Kuna vipindi 84 ambavyo wote hawakuandika kitu, kwa hiyo wamekubaliana katika vipindi 88, na tasnifu itajigamba kwamba makubaliano ni asilimia 88. Lakini hata kama kila mmoja angetia alama zake 10 akiwa amefumba macho, wangekutana kwa bahati katika vipindi 82 hivi, kwa sababu ugomvi ni nadra na nafasi nyingi ni tupu. Jacob Cohen alitoa mwaka 1960 kipimo kiitwacho kapa, ambacho huondoa sehemu hiyo ya bahati, na katika mfano wetu kapa ni 0.33 tu (makubaliano kamili ni 1), kiwango ambacho hakumfai mtu anayetaka kulinganisha wavulana na wasichana. Tatizo hapo huwa si uvivu wa watazamaji. Aghalabu ni maelezo ya tendo ambayo hayakukamilika, na tiba yake ni kurudi kwenye mwongozo, kuujaribu tena kwa siku chache katika shule ambayo haimo kwenye sampuli, na kuurekebisha kabla ya kazi halisi kuanza.

Wapo wanaodhani njia fupi ya kukwepa yote haya ni kutazama kwa siri. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani hukubali ushuhudiaji bila ridhaa katika mazingira ya kawaida, pale ambapo kufichuka kwa anachofanya mtu hakutamletea madhara na usiri wake unalindwa. Kuhesabu watu wanaopanga foleni kituo cha basi ni jambo moja, na kumrekodi kwa simu mtoto anayelia darasani ni jambo jingine kabisa. Picha hiyo ni taarifa binafsi, Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019 na Tanzania imetunga ya kwake mwaka 2022, achilia mbali kibali cha utafiti cha tume ya sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, ambacho hakuna mwanafunzi anayepaswa kwenda uwandani bila kujua kama anakihitaji. Siri pia huzuia kazi kukaguliwa. David Rosenhan alichapisha mwaka 1973, katika jarida la Science, habari ya watu 8 waliojifanya wanasikia sauti wakalazwa katika hospitali 12 za Marekani, na makala hiyo ilitikisa taaluma ya magonjwa ya akili. Mwandishi Susannah Cahalan alipofuatilia nyaraka, katika kitabu chake cha mwaka 2019, alikuta tofauti kubwa kati ya kumbukumbu za hospitali na maelezo yaliyochapishwa, na wengi wa wale 8 hakuweza kuwapata. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi watunze madaftari yao ya uwandani, yale yenye matope na mistari iliyokatwa, kwa kuwa nakala safi iliyopigwa chapa haitoshi.

Limebaki jambo moja ambalo ndilo huwapotosha wasomaji wa magazeti zaidi ya mengine, nalo ni kugeuza kilichoonekana pamoja kuwa sababu na matokeo. Tukiona kwamba watoto wanaowalea wadogo zao ni wapole, twaweza kusema kazi hiyo imewafanya wapole, au kwamba wazazi huwapa kazi hiyo watoto ambao tayari ni wapole, na kuwatazama peke yake hakutatuambia ipi ni kweli. Mpango mzuri waweza kutusogeza karibu. Carol Ember alichunguza wavulana Wajaluo katika eneo la Oyugis, magharibi mwa Kenya, na kuchapisha mwaka 1973. Baadhi ya wavulana hao walipewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana, na sababu kubwa ilikuwa kwamba nyumba zao hazikuwa na msichana wa umri unaofaa. Hilo ndilo lililompa nafasi, kwa kuwa ukosefu wa dada haukutokana na tabia ya mvulana. Tena aliwatazama wakati hawako kwenye kazi hizo, ili asije akahesabu upole wa mtu aliyeshika mtoto mgongoni kuwa ndio tabia yake. Aliona kwamba wavulana waliofanya kazi za ndani ya nyumba walikuwa, kwa mwenendo wao na wenzao, kati ya wavulana wengine na wasichana. Bado si jaribio, na mtu aweza kuuliza maswali kuhusu familia zisizo na binti. Lakini ulinganisho ulitafutwa kabla, na maswali hayo yanaulizwa mahali panapoeleweka.

Najua nitajibiwa kwamba muhula ni mfupi, kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana wiki chache za uwandani, na kwamba hojaji mia moja hujazwa kwa siku mbili. Yote ni kweli. Basi asitaje ushuhudiaji. Afanye hojaji yake vizuri, aeleze mipaka yake, na hakuna atakayemlaumu. Akitaka kutazama, na apunguze swali mpaka lienee katika muda alio nao: darasa moja badala ya shule nne, tendo moja lililoelezwa barabara badala ya "tabia" kwa ujumla wake, watoto 12 waliochaguliwa kwa kura na kutazamwa kwa saa tofauti za siku na siku tofauti za wiki. Wasimamizi nao wadai kuuona mwongozo wa ushuhudiaji, ratiba ya utazamaji na hesabu ya makubaliano kutoka kwenye jaribio la awali kabla hawajasaini fomu ya kumruhusu mwanafunzi aende, kama wanavyodai kuiona hojaji. Sioni kwa nini chombo kimoja kikaguliwe na kingine kipite bila kuulizwa.

Kwako wewe Mhariri, ombi langu ni dogo. Mwandishi wako anapoletewa ripoti inayosema watoto wa mahali fulani ni wakorofi, au wauguzi wa mahali fulani hawana lugha nzuri, na ripoti ikasema yameonekana kwa macho, amuulize mtafiti tendo lipi lilihesabiwa, nani alitazamwa na alichaguliwaje, watazamaji walikuwa wangapi na walikubaliana kiasi gani baada ya bahati kuondolewa, na waliotazamwa walikuwa wamemzoea mtazamaji kwa muda gani. Majibu yakipatikana, naomba yapewe aya moja ndani ya habari, hata kama itabidi picha ipunguzwe. Yasipopatikana, habari isubiri mpaka mtafiti alete mwongozo wake.

Wako,
Mwalimu wa mbinu za utafiti,
Morogoro